Mi na Mama Mbele ya Juri

Mpaka sasa niko naandika na bado siamini. Mama ameanguka mutihani.

Mi ndiye nilidhani nitaanguka. Shule ya uuguzi nilikuwa nimemaliza, ilibaki pratiki tu: unasimama mbele ya wakubwa wa juri, wanakupa mugonjwa, wanaangalia mikono yako bila kusema kitu. Ukipita, unapata ruhusa ya kazi. Ukikosa, hata sindano usishike.

Mama yeye alikuwa muuguzi kabla mi sijazaliwa. Alisomea ng'ambo ya mpaka, Uvira. Mutaa wetu wa Buyenzi wote unamuita muganga. Mafundi wa garaji wakijikata na bati wanakimbilia kwake, oili bado iko mikononi. Lakini wakubwa wa afya wakasema mwenye diploma ya inchi ingine, hata kama amezeekea kazini, apite mbele ya juri sawa na wanafunzi. Akikosa, asiguse mugonjwa.

"Wanipime mi?" Mama alicheka, tuko tunapiga pasi bluzi zetu. "Hao ni mi niliwachoma chanjo, walikuwa wanalia na makamasi!"

"Mama, rudilia kitabu kidogo basi."

"Rudilia we. Mi kitabu changu ni hii mikono."

Nilimuacha. Nilikuwa na yangu ya kuogopa.

Asubuhi masasi ya bunduki yalilia huko juu, upande wa Gihosha. Tukangoja yanyamaze, tukaenda kwa miguu. Tulipewa kazi moja, kila mutu na mugonjwa wake: kusafisha kidonda na kukifunga. Mama akaanza.

"Salama baba? Itauma. Nitukane, lakini ndani kwa ndani."

Mugonjwa akacheka, hata juri ikacheka. Mama akanawa, akamimina dawa ya kusafishia mu kibakuli, akasafisha kile kidonda vizuri mpaka nikaona wivu. Akafunga bandeji. Halafu, bila hata kuangalia, akashika kibakuli, dawa iliyobaki akairudisha mu chupa, akafunga kifuniko.

"Mama," mukubwa wa juri akauliza polepole, "umefanya nini hapo?"

"Nimemaliza, mwanangu."

"Ile dawa umeiweka wapi?"

Mama akaangalia chupa. Uso wake ukabadilika, kama mutu aliyeamushwa na maji baridi.

"Ya Allah," akasema. "Ni ambargo."

Mi nilielewa mara moja. Tangu inchi jirani zitufungie mipaka, ku dispanseri Mama anapofanya kazi dawa ikawa ya kutafuta kwa tochi. Hakuna kilichotupwa. Bandeji zilichemushwa, zikakauka ku kamba yetu, karibu na nguo za shule. Sisi nyumbani tuliona ni ujanja. Mikono ikazoea.

"Chupa nzima imeingia uchafu, Mama. Mugonjwa mwingine angeoza," mukubwa wa juri akasema.

"Najua." Akanionyesha na kidole. "Huyu nilimufundisha. Kumwaga inayobaki, ni kitu cha kwanza nilimufundisha."

Wakaleta chupa ingine, zamu yangu. Nilimaliza, dawa ikabaki kidogo mu kibakuli. Nikaimwaga mu ndoo. Nyuma yangu nikasikia Mama amevuta pumzi, kama vile nimemwaga chakula cha watoto.

Mi nikapita. Yeye wakamwambia arudi ku staji kama mwanafunzi, chini ya muuguzi mwenye ruhusa, mpaka juri ikae tena. Mama! Chini ya mutu!

Njia yote nilikasirikia juri, nikakasirikia ambargo, halafu hasira ikakosa pa kwenda, maana ile chupa kweli iliharibika.

Tulipofika mu mutaa wetu, fundi mumoja akatoka chini ya gari, kidole kinavuja damu.

"Muganga! Afazali umefika. Nishikie hapa."

Mukono wa Mama ulishaanza kwenda. Nikauona ukisimama katikati. Akauficha ndani ya kitenge.

"Apana. Mupe huyu."

"Huyu mutoto? We muganga, usinichezee, niko navuja!"

"Mi sina ruhusa," Mama akasema, kwa sauti, hata wale wa garaji ya pili wakageuka. "Yeye iko nayo."

Fundi akamwangalia, akaniangalia. Halafu akaninyooshea kidole chake, na mi nikauliza wako na maji safi wapi.