Fiwi ya Mwaka wa Pili

Hajra wa Chinongwe ni mtu wa kuangalia. Akiinjika maharage hukaa mbele ya sufuria kana kwamba yatatoroka. Binti yake Amna, aliyeolewa Nachingwea mjini, hupigiwa simu asubuhi kuulizwa kama ameamka salama, na jioni kuulizwa kwa nini asubuhi sauti yake ilikuwa nzito. Kwa hiyo kilichomponza ni macho yake mwenyewe, na wala halifichi hilo. Yeye ndiye huwa wa kwanza kulisimulia.

Alikuwa na kipande cha fiwi, yale maharage mapana, nyuma ya nyumba. Mwaka wa kwanza walikula punje zake. Mwaka wa pili akaiacha iendelee kutambaa iwe chakula cha mbuzi. Mbuzi wake wa maziwa alikuwa na mimba kubwa, mvua zilikuwa zinakatika, na kiangazi kikikaza hapabaki kijani cha kumpa mzazi. Lakini nyasi zilikuwa zimeingia mistari yote. Kwa mtu aliyekulia kwenye mikorosho, ambako chini ya mti hupaliliwa na kufagiwa hadi korosho moja ionekane, zile nyasi zilikuwa aibu. Jirani yake Munira alikuwa na fiwi iliyozama kwenye nyasi za kiunoni, na Hajra aliwahi kumwambia, kwa upole wa kuumiza, kwamba nyoka wanamshukuru.

Akaenda Nachingwea kununua dawa. Twalha wa duka la pembejeo alimwelewesha mara mbili: hii inaua nyasi tu, fiwi haiigusi, mbuzi wasilishwe majani yale mpaka zipite siku zilizoandikwa kwenye kibandiko, na haina haraka, ipewe wiki mbili. Hajra akamwomba arudie. Alipofika nyumbani alivaa koti la mvua la mumewe, akapuliza kwa bomba aliloliosha mara nne, akawafunga mbuzi mbali, kisha akaanza kuangalia.

Siku ya tano nyasi zilikuwa kijani, zinayumba kwa raha. Siku ya saba alimpigia Twalha kumuuliza kama hakumuuzia maji. Twalha akamjibu kwa adabu kwamba saba bado si kumi na nne. Mumewe, Bashiri, alikuwa Kiegei akipuliza mikorosho ya kaka yake, hivyo hapakuwa na wa kumshika mkono.

Stoo kulikuwa na dawa nyingine, ile inayoua kila jani, ambayo kila mwaka hupulizwa chini ya mikorosho na mikorosho haina habari. Hajra akapiga hesabu zake. Fiwi hii ni ya mwaka wa pili, shina limekomaa, mizizi imeshuka. Ni mtu mzima, kama mkorosho. Hakuwaza kwamba mkorosho hunusurika kwa kuwa majani yake yako juu, na fiwi yake ilikuwa chini, imekumbatiana na nyasi. Akapuliza mistari minane. Bomba likaisha, mgongo ukamuuma, na hiyo ndiyo pona ya mistari minne iliyobaki.

Bashiri aliporudi siku tano baadaye, fiwi ya mistari minane ilikuwa ya njano, imelala. Alikwenda kwenye ile minne, ambako nyasi zilikuwa bado zinajifanya hai, akashika moja, akavuta kiini chake. Kikachomoka bila ubishi. Chini kilikuwa kimeoza, rangi ya ugoro.

"Mama Amna," akasema, "hizi zimekufa tangu wiki iliyopita. Zilikuwa hazijaambiwa tu."

Mistari minne isingemfikisha mbuzi popote. Kesho yake Hajra alibeba mundu na kamba, akaenda kwa Munira. Njiani alikuwa ametunga maelezo marefu kuhusu jua la mwaka huu. Munira akamsikiliza mpaka mwisho.

"Kata tu, Mama Amna," akasema. "Ila pita taratibu, usije ukawakanyaga wale wanaonishukuru."

Mbuzi alizaa wawili wenye afya, kwa majani ya shamba chafu. Mmoja, jike, alipoacha kunyonya alipelekwa kwa Munira. Hajra hupita kila siku kumwangalia, na Munira ameshamwomba apunguze.