Shangazi Alivyopeleka Dampo Shambani Kwetu

Watu walimwita Mama Futi, kwa sababu futikamba haikutoka mkobani mwake hata akienda harusini. Kwangu alikuwa shangazi. Alikuwa ofisa mipango miji wa manispaa, mwanamke mwenye mwili na kicheko, na akianza habari za sheria ya ardhi, wifi yake, yaani mama yangu, alikumbuka ghafla kuna kitu motoni.

Dampo la zamani lilipojaa, madiwani walitaka jipya lijengwe bondeni, nyuma ya vibanda vya wapangaji. Watu wa huko hawakuwa na wa kuwasemea. Lakini bondeni kuna chemchemi, na sheria inakataza taka kumwagwa karibu na makazi au chanzo cha maji. Shangazi alikwenda akapima, akarudi, akagoma kutia saini. Mwenyekiti wa kamati ya madiwani alimbembeleza, kisha akamtishia uhamisho. Shangazi akamjibu kwamba hata akihamishwa, chemchemi itabaki palepale.

Basi akaambiwa atafute pengine. Alizunguka na mtaalamu wa udongo mpaka viatu vikaisha soli. Ni mahali pamoja tu palipotimiza masharti yote: tambarare ya udongo wa mfinyanzi, mbali na maji, mbali na nyumba. Lilikuwa shamba letu, alilotuachia babu.

Hakuficha. Aliwaeleza wakubwa zake kwamba ni ardhi ya ukoo wake, akaomba apelekwe mtu mwingine akapime upya. Mtu huyo akaleta majibu yaleyale.

Jioni hiyo alikuja nyumbani kutuambia mwenyewe. Baba, ambaye alikuwa amepanga kujenga nyumba yake ya uzeeni pale shambani, alisikiliza huku akisaga meno.

"Dada, ungesema tu udongo haufai," alisema. "Nani angejua?"

"Watoto wa bondeni wangejua, kaka. Matumboni mwao."

Baba akatoka nje. Bibi, mama yao, akauliza kama harufu itafika nyumbani. Mtu mwingine angemdanganya mama yake.

"Itafika, mama, upepo ukigeuka."

"Basi wapande miti. Mingi."

Shangazi akaishupalia miti hiyo kwenye vikao mpaka ikaandikwa katika kibali, na dampo halikufunguliwa kabla haijapandwa. Bondeni wanaendelea kuchota maji yao. Wengi wao hawajui kwamba palikuwa na mjadala wowote.

Baba alinuna muda mrefu. Alipewa kiwanja kingine cha fidia, kidogo, akajenga, na siku ya kuhamia hakumwalika dada yake. Shangazi alikuja hivyohivyo, akapitiliza jikoni kumsaidia mama kumenya vitunguu. Baba alimkuta huko ameinama, jasho linamtoka. Akageuka, akaenda kumletea kiti.