Subana ya Msomaji

Katika karakana ile ya sare za shule, cherehani zilipangwa safu mbili zikitazamana, na baina ya safu hizo palikuwa na kiti kimoja cha mbao kisicho na cherehani mbele yake. Hicho kilikuwa kiti cha Sauti. Alasiri, kazi ilipoanza kulemea mikono, Sauti aliiacha mashine yake, akakaa pale na kuwasomea wenzake kitabu. Wao nao walimshonea kola zake kwa zamu, ili fungu lake lisipungue. Mapatano hayo yalianza siku redio ya karakana ilipoharibika, na redio ilipokwisha kutengenezwa hakuna aliyekumbuka kuiwasha.

Sauti alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, mwenye maneno machache ya kwake mwenyewe. Katika ushonaji hakuwa hodari. Kola zake zilielekea kupinda upande wa kushoto, naye alilijua hilo. Katika kiti kile tu ndimo alimojiona ana kitu ambacho wenzake wangekikosa.

Mwaka huo walikuwa wakisoma riwaya nene ya visa vya askari wa Kirumi: kikosi, kikiongozwa na akida wake, kimetumwa kuvuka milima ya theluji, kwenda kuikomboa ngome iliyozingirwa na adui. Kila sura ilipomalizika, maoni yalimwagika.

“Kitabu kina kasoro moja,” alisema mpiga pasi, mwanajeshi mstaafu waliyemwita Afande. “Tangu waanze safari, hakuna hata mmoja aliyeota malengelenge. Jeshi ni miguu, jamani! Mapanga baadaye.”

“Sisi tumechoka na ngao,” alidakia mtia vifungo, msichana asiyejua kunong’ona. “Akida atamwoa lini yule binti wa nyumba ya wageni?”

“Akioa, nani atapigana?”

“Kwani wewe Afande hukuoa ukapigana?”

“Nilioa, nikapigana. Tena humo humo nyumbani.”

Wakacheka hata nyuzi zikakatika.

Mama Mkasi, mkataji wa vitambaa na mkubwa wao kwa umri, hakuwa na neno kwa akida wala kwa ngome. Yeye alimpenda mmoja tu: kijana mpiga tarumbeta, aliyeogopa giza na kupuliza kwa nguvu ili woga wake usisikike. “Huyo namjua,” alisema. Kitindamimba wake alikuwa askari katika mpaka wa mbali, na simu zake zilikuwa za nadra.

Sauti alikuwa na mazoea ya kuzipitia kurasa nyumbani kwanza, asije akajikwaa mbele za watu. Ndivyo alivyojua mapema kwamba mpiga tarumbeta angeuawa darajani. Alasiri ilipofika na zamu ya daraja ikawadia, aliinua macho. Mkasi wa Mama Mkasi ulikuwa umesimama katikati ya kitambaa.

“Mshale ukampata begani,” Sauti akasoma, ingawa katika ukurasa ule hapakuwa na bega lolote.

Tangu hapo ikambidi ambebe kijana yule katika kila sura. Mwandishi alikwisha kumwacha mtoni. Sauti alimpa jeraha, akalifunga, akampa utani na nyimbo za njiani. Wasikilizaji wakaona kitabu kinanoga. “Mwandishi kaamka sasa!” alisema mtia vifungo, na sifa hiyo ikamfurahisha Sauti kuliko alivyopenda imfurahishe.

Lakini njia ya mwongo ni fupi. Alasiri moja, akiwa amenogewa, alisoma: “Mpiga tarumbeta akaketi kando ya moto, akakanyaga pedeli taratibu, akalikunja pindo la joho la akida wake.”

Afande akaiinua pasi. “Akakanyaga nini?”

Sauti akageuza ukurasa upesi.

“Hee! Warumi walikuwa na cherehani?” alidakia mtia vifungo.

Karakana nzima iliangua kicheko, isipokuwa watu wawili. Mama Mkasi aliweka mkasi chini, akaja mpaka penye kiti.

“Nisomee ukurasa wa daraja,” alisema. “Kama ulivyo.”

Sauti akafunua nyuma, akausoma. Mshale ulikuwa wa koo. Tarumbeta ilianguka majini kabla ya kijana.

“Nani aliyekutuma umponye?”

“Nilikuonea huruma, Mama.”

“Kwa ajili ya mwanangu.”

Sauti akakifunga kitabu.

“Mwanangu yu hai, Sauti. Mimi nilijua yule ni wa kitabuni na huyu ni wangu. Wewe ndiye uliyewachanganya. Ulipomficha yule, ulikuwa umekwisha kumzika wangu.”

Kesho yake hakuna aliyenyoosha mkono kuzichukua kola za Sauti. Kiti kikapewa Afande, naye akasoma kama aitaye majina gwarideni, akisimama kwenye kila nukta kana kwamba anangoja mtu aitike.

“Afande, hao wanapigana au wanahesabiwa?” mtia vifungo aliuliza.

“Hesabu kwanza!”

Jeshi lililokwisha kupanda mlima likakwama pale pale. Sauti alishona akiwa ameinamisha kichwa. Siku moja Mama Mkasi alimrudishia kola iliyopinda.

Mwishowe Mama Mkasi mwenyewe ndiye aliyechoka. “Mrudishieni kiti chake, kabla Warumi hawa hawajafa kwa usingizi.” Akaichukua subana ya mtia vifungo, kile kikofia cha chuma cha kukinga kidole na sindano, akaiweka juu ya mkono wa kiti. “Yaliyoandikwa, yasome kidole kitupu. Ukitaka kutia yako, vaa hii tuione.”

Sauti akasoma kidole kitupu hadi mwisho. Ngome ilikombolewa, askari wakarudi, wakahesabiwa langoni mwa mji wao, na akida akapewa shamba. Afande alikisifu kitabu, ila kwa upande wa miguu. Mtia vifungo alinung’unika kwamba harusi nzima imepewa sentensi moja.

Mama Mkasi aliendelea kupiga chaki juu ya kitambaa.

“Na pale langoni,” aliuliza bila kuinua macho, “hakuna aliyepiga tarumbeta?”

“Hakuna, Mama. Kitabu kimekwisha.”

“Najua kimekwisha. Vaa subana.”