Plasta ya Macho

Mama yangu, Phelesia, alivunjika mtulinga mwaka 1963, akitoka ziwani na mtungi wa maji kichwani. Aliteleza kwenye mawe karibu na Kendu Bay, akaangukia bega, na mfupa ule mwembamba wa chini ya shingo ukakatika. Nyanya, mama mkwe wake, aliulizia mtungi kwanza. Hilo sijamsamehe.

Zahanatini, dresa wa kufunga vidonda aliyeitwa Machuki aliuning'iniza mkono kwa kitambaa kilichofungwa shingoni. Alimwambia akae wiki sita bila jembe wala mzigo, mfupa utajiunga wenyewe.

Nyanya alipoona kitambaa alicheka. Jirani Onyango alipovunjika mguu si alifungwa plasta hadi pajani? Mfupa gani huo unaotibiwa kwa kitambaa? Baba, mwanamume mzima mwenye ndevu, alimtazama mamake, kisha akachukua jembe lake akatoka. Mzigo wa mwenzio kanda la usufi. Ulikuwa msimu wa palizi, na siku ya nne mama alishikishwa jembe. Mfupa uliokuwa umeanza kutulia ukaachana tena, aliusikia ukisagana.

Alirudi kwa Machuki amefura.

"Nifunge plasta," akamwambia.

"Mama, mtulinga haufungwi plasta. Unataka kupumzika tu."

"Basi funga hapa." Akamwonyesha kifundo cha mkono uleule, kizima kabisa. "Dawa ya mfupa umeshanipa. Sasa nipe dawa ya macho ya mama mkwe."

Machuki akaenda kuloweka plasta.

Nyumbani plasta ilipokewa kama mgeni wa heshima. Nyanya alimtandikia mama mkeka, akamtolea ngege miiba kwa vidole vyake, akawakataza watoto wasimsogelee. Baba akateka maji. Mama alikula samaki wale wiki sita nzima kwa hasira, maana bega lilikuwa lilelile walilolicheka.

Mfupa ulishikana, ukaacha nundu. Hakuna aliyewahi kuiulizia.

Mwaka 1969 nyanya alipoishiwa nguvu, mama ndiye aliyembeba kwenda kuoga. Asubuhi moja nilimwona amembeba, kichwa cha nyanya kimelala juu ya ile nundu, naye nyanya anapapasa kifundo cha mkono wa mama.

"Nyar Kanyada," akasema, akimwita binti wa ukoo wa kwao, "nilikuuguza mkono huu ukapona vizuri."

Mama alimkalisha kwenye jiwe, akaanza kummwagia maji.