Brosi Haitagusa Motoka Hii

Hadi leo wapo watu wa upande wa baba wanaosema kwamba mama aliiba motoka. Waseme. Mimi nilikuwepo, nilishika ndoo kwa mikono yangu, na nitaeleza ilivyokuwa.

Ilikuwa motoka ya samawati, nzito, ya Kifaransa. Baba aliinunua zamani, wakati kampuni ya shaba ilikuwa bado inalipa watu na barabara za Likasi zilikuwa na taa. Kisha mambo yakaanguka. Mishahara ikakatika, mabomba yakakauka, maduka yakaporwa, na baba akaugua, akalazwa katika hospitali ambamo mgonjwa alifika na sindano yake mwenyewe. Tulimzika mwanzoni mwa kiangazi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, niko nyumbani tu kwa sababu walimu wa chuo chetu walikuwa wamechoka kufundisha bure.

Jumamosi ya kwanza baada ya wageni wa matanga kuondoka, mama aliinuka kwenye mkeka wake, akakaza kitambaa chake cheusi kiunoni, akaniambia, “Leta bandoo mbili. Tutasafisha motoka.”

Nilidhani huzuni imemzidi. Petroli ilikuwa inauzwa kwa chupa kandokando ya barabara, na sisi hata mafuta ya kupikia tulikuwa hatuna. Maji tuliyachota kwenye kisima cha kanisa na kuyabeba kichwani. Jirani alitutazama kupitia ua, akashindwa kunyamaza.

“Mama, motoka haitembei. Mayi unaimwangia ya nini?”

“Haitembei leo,” mama akamjibu, akaendelea.

Alifanya kama baba alivyokuwa akifanya. Kwanza tuliisogeza kwenye kivuli cha nyumba, maana bati likiwa la moto sabuni inakauka na kuacha madoa. Halafu maji matupu, mengi kadiri tulivyoweza, ili vumbi literemke lenyewe kabla mkono haujagusa kitu. Kwetu vumbi halikuwa vumbi la kawaida. Upepo ukitoka upande wa viwanda ulileta unga mwekundu wenye chembe kali, na ukiuburuta kwa kitambaa kikavu, rangi inabaki na michoro kama mtu aliyekwaruzwa na paka. Baada ya hapo, sabuni ya kuogea iliyoyeyushwa katika ndoo moja, maji safi katika ndoo ya pili ya kusuuzia kitambaa, na kuosha kuanzia juu kwenda chini. Magurudumu mwisho, kwa kitambaa chake peke yake. Vitambaa vyenyewe vilikuwa singleti za baba, zile fulana zake za ndani. Mama alizichana mbele yangu bila kulia. “Ni pamba nzuri,” alisema.

Tulipomaliza kukausha, aliingia ndani ya motoka, akawasha injini kidogo, akaizima. Akafanya hivyo kila Jumamosi. Nilidhani anatunza betri tu. Wamama wa kanisa walikuja kumwambia kwamba mjane anakaa ndani na anatulia. Aliwapa viti, akawasikiliza, na Jumamosi iliyofuata akatoka tena na ndoo.

Ndipo akaja baba mdogo, mdogo wake baba. Aliingia uani asubuhi akiwa na dereva aliyekuja naye, ndoo yake mwenyewe, sabuni ya unga, na brosi ya kusugulia sakafu. Hakubisha hodi. Tulipotoka nje, alikuwa amekwisha kukunja mikono ya shati na ameinama juu ya boneti yenye vumbi la juma zima.

“Unafanya nini na ile brosi?” mama akauliza.

“Niko nasafisha motoka ya yaya yangu, mukubwa wangu. Leo tunaipeleka kwangu.”

“Tosha mukono. Usiiguse.”

Baba mdogo alicheka, akamtazama dereva. “Shemeji, motoka iko ya famiye, ya ukoo. Mwanamuke atafanya nayo nini?”

Mama hakupiga kelele. Alimwendea, akamnyang’anya ile brosi, akairusha juu ya ukuta mpaka barabarani. Nikaisikia ikianguka. Nilikuwa sijawahi kumwona mwanamke wa kwetu akimfanyia shemeji yake hivyo.

“Weye kaa pale,” akasema, akionyesha ngazi ya mlango. “Nitaisafisha minye. Ikisha utaona.”

Wakakaa! Sijui kwa nini walikaa. Nafikiri baba mdogo aliamini kwamba anaoshewa motoka yake. Mama hakuharakisha hata kidogo. Alimwaga maji juu ya paa, akasubiri, akamwaga tena. Alipitisha singleti polepole, akaisuuza, akapitisha tena, hadi kwenye pembe za vioo. Jua likapanda, likawafikia pale kwenye ngazi. Mimi nilikausha upande wangu na kwa mara ya kwanza tangu mazishi nilijisikia nina nguvu.

Kisha mama aliingia nyumbani, akatoka na bidoni ya petroli ambayo sikujua kwamba alikuwa ameificha chini ya kitanda chake. Akaimimina yote kwenye tangi. “Ingia,” akaniambia.

Akageuza ufunguo, akarudi nyuma, akalipita geti bila kugusa nguzo. Baba ndiye aliyemfundisha, Jumapili zile walipotuacha nyumbani na kwenda kwenye ziwa la Tshangalele kununua samaki. Hakuna aliyejua. Nilipogeuka kutazama nyuma, baba mdogo alikuwa amesimama katikati ya barabara na dereva wake alikuwa anacheka waziwazi.

Tulienda ziwani, tukarudi na samaki wa kuuza, na kuanzia hapo ndivyo tulivyoishi.

Ukoo wa baba ulimwita siku ya kuvua kitambaa cheusi, mwisho wa matanga. Alikwenda kwa motoka, akaiegesha mbele ya wote. Mzee mmoja akamuuliza nani amempa ruhusa.

“Bwana yangu alinifundisha kuiendesha,” mama alisema. “Kama alitaka ibakie kwenu, angefundisha ninyi benyewe.”

Halafu shangazi, dada mkubwa wa baba, akajisogeza kwenye kiti chake.

“Kesho ukienda ziwani, unapita Kapolowe? Minye iko na mahindi kule, inaoza.”

Kulipopambazuka alikuwa mlangoni kwetu, amekunja magunia matupu chini ya kwapa.