Mtu wa Nyuma Yako

Mume wangu hakufa wakati wa kwenda mazikoni. Alikufa wakati wa kurudi. Ninalisema hili mapema kwa sababu watu wakisikia msafara wa bodaboda, huwaza zile mbwembwe za kwenda tu: honi, matawi yaliyofungwa mbele ya pikipiki, vijana waliosimama juu ya siti kama wanacheza sarakasi. Siku ile kwenda walibanana mpaka vishikio vikagusana, na Mungu akawavumilia. Kurudi kila mtu akaondoka kivyake, mbio, na njaa yake tumboni. Mume wangu alikuwa wa mwisho. Akaserereka pembeni ya lami akimkwepa mwenye lori, na kwa kuwa nyuma yake hapakuwa na mtu, hakuna aliyejua. Wenzake walifika kijiweni kwetu, mtaa wa Kambarage, wakanywa soda, wakaanza kubeba abiria. Aliyemwona ni mzee mmoja wa baiskeli, jua likiwa limeshainama. Hospitali waliniambia amecheleweshwa sana. Sikuuliza amecheleweshwa kiasi gani, na mpaka leo sitaki kujua.

Pikipiki yake haikuharibika sana. Fundi aliinyoosha, nami nikajifunza kuiendesha, nikaenda kukaa kijiweni pale pale alipokuwa akikaa yeye. Wanaume wa kijiwe waliniita shemeji, na wananiita hivyo hadi leo. Walidhani nitachoka. Mimi nina mdomo, na mtu mwenye mdomo hachoki haraka.

Mwaka huu mwenzetu mmoja akafariki. Si kwa ajali. Tumbo lilimsumbua, akalazwa, hakutoka. Alikuwa mpole, mtu aliyewahi kuchimba dhahabu kwenye maduara ya Geita, yale mashimo marefu wanayoshuka kwa kamba, kisha akaona afadhali jua la barabarani kuliko giza la chini. Kwao ni Samuye. Mama yake alipopiga simu, mwenyekiti wa kijiwe, mtu mzima mwenye mvi, alishindwa kuongea, akanipa mimi.

"Shikamoo, mayu," nikamwambia. Mayu ndiyo mama kwa Kisukuma.

"Marahaba, mwanangu. Mtamleta lini?"

"Kesho asubuhi, mayu."

"Mleteni. Ila nasikia ninyi watu wa pikipiki mkienda kuzika mmoja mnazika wawili. Mimi nina machozi ya mtu mmoja tu."

Nikamwambia, "Tutakuja wote, na tutarudi wote."

"Basi mkirudi kwenu unipigie. Sitaweka kichwa chini mpaka unipigie."

Nilipokata simu nilikuwa nimeshaamua. Usiku ule sikukesha kwa mawazo, nililala kama mtu aliyemaliza nusu ya kazi.

Asubuhi nilifika kijiweni na beseni la kufulia. Nikalizungusha kwa kila mtu: tia funguo humu. Walidhani nakusanya rambirambi. Nilipowaambia kuwa funguo zitarudi kwa mtu mmoja mmoja, na kwa sharti, zogo likazuka. Mwenyekiti akaninong'oneza, "Shemeji, hawa vijana hawatakusikia."

"Wasiponisikia mimi, wataisikia miguu yao ikitembea mpaka Samuye."

Sharti la kwanza lilikuwa vioo. Msomaji asiyejua bodaboda ajue hivi: pikipiki ikitoka dukani, kitu cha kwanza kijana anachofanya ni kung'oa vioo vya pembeni. Anasema vinakwaruza magari akipenya, vinaibwa, vinaifanya pikipiki ionekane ya mwalimu mkuu. Wenzangu karibu wote walikuwa hawana. Nikawaambia asiye na kioo haendi kuzika leo. Wengine walirudi nyumbani kuvitafuta chini ya vitanda, wengine wakaenda kwa fundi. Walinung'unika, lakini walikwenda.

Wakati huo wageni wa Kahama wakaingia. Marehemu alipotoka Geita alibeba wachimbaji pamoja nao kwa muda, huko upande wa mgodi wa Buzwagi, na wao hawakumsahau. Mabomba ya moshi ya pikipiki zao yalikuwa yametobolewa ili yalipuke kama bunduki. Mkubwa wao, mtu wa mabega mapana, alilitazama beseni langu akacheka.

"Dada, kwetu mtu hasindikizwi kimya kimya kama mwizi. Watu watasema alikufa kama kuku."

"Nani kasema kimya?" nikamwuliza. "Kelele tutapiga tumesimama. Hapa kabla ya kuondoka, na kule tukifika. Piga resi mpaka mbwa wa Samuye wahame. Ila magurudumu yakizunguka, mdomo na bomba vifungwe."

Akatazama wenzake. Nadhani aliona haya kubishana na mjane mbele ya gari la maiti lililokuwa limeshafika. Akatia ufunguo.

Ndipo nikavua viatu. Mbele ya kijiwe chetu kuna vumbi laini, nikatembea juu yake hatua za kawaida, kisha nikawaonyesha nyayo. Mguu wa kushoto, mguu wa kulia, mguu wa kushoto. "Kuna unyayo uliomkanyaga mwenzake?" Hakuna. "Kuna nyayo mbili zilizokaa sambamba?" Hakuna. "Anayekwenda kwa miguu sambamba ni chura. Sisi leo si vyura. Mmoja akikaa upande wa kulia wa njia yetu, anayemfuata akae kushoto, nyuma kidogo. Mbele yako moja kwa moja pawe wazi. Ubavuni kwako pawe wazi."

"Na hiyo nafasi ubavuni ya nini?" akauliza mwenyekiti. "Si ya kupoteza bure?"

"Ni ya kukimbilia."

Umbali nao ulileta ubishi. Hakuna anayeendesha huku anapima kwa futi. Nikawaambia: mtu aliye mbele yako upande wako akipita nguzo, wewe sema, twende naye taratibu, twende naye taratibu. Ukiifikia nguzo kabla hujamaliza, umemsogelea mno. Kwenye daraja au kona nikinyoosha kidole kimoja juu, tunakuwa mstari mmoja. Na anayeendesha hapokei simu. Wakajaribu kuyasema yale maneno ya nguzo pale pale, Waislamu na Wakristo pamoja, na ikawa kama dua ambayo haikuwa ya dini yoyote. Mmoja wao akaanza kulia, nikajifanya sikumwona.

Jambo la mwisho ndilo lililokuwa moyoni mwangu. "Kila mmoja wenu leo ana mtu mmoja tu wa kumwangalia. Siyo aliye mbele. Aliye nyuma. Mtafute kwenye kioo. Usipomwona, punguza mwendo. Ukipunguza wewe, aliye mbele yako hatakuona, naye atapunguza. Hivyo hivyo mpaka nisimame mimi."

Hawakuuliza kwa nini. Walikuwepo siku ile ya soda.

Nikaanza kugawa funguo na nafasi. Mimi mbele, nyuma ya gari la maiti. Mwenyekiti, ambaye pikipiki yake inakohoa kuliko yeye, nyuma yangu, ili mwendo uwe wa aliye dhaifu. Wa mwisho kabisa nikamtaja mdogo wangu, tumbo moja, ambaye mji mzima unamjua kwa kusimama juu ya siti na kuachia mikono.

Akanivuta pembeni, uso umemwiva. "Dada, unanidhalilisha. Nyuma wanakaa wazee na pikipiki mbovu."

"Umechunga ng'ombe kwa babu au hukuchunga?"

"Nimechunga."

"Mbele ya kundi alikuwa nani?"

"Ng'ombe."

Waliokuwa karibu wakaangua kicheko. Nikaongeza, "Na nyuma?"

Alinyakua ufunguo wake akaenda kukaa mwisho, amenuna kama mtoto aliyenyimwa kiporo. Nilimwogopea sana siku ile. Yeye ndiye niliyebaki naye, na alikuwa na kiherehere kile kile cha mume wangu.

Tukapiga kelele zetu tumesimama. Zilikuwa kelele za haki. Mabati ya maduka yalitetemeka, akina mama wa mboga wakaweka mikono vichwani. Halafu nikainua mkono, zikazimika, tukaondoka.

Sijawahi kuona kitu kama kile. Watu wa kando ya barabara ya kwenda Tinde, ndiyo inayopita Samuye, waliozoea kutimka wakisikia msafara wetu, walisimama. Wengine walivua kofia. Kwenye kioo niliwaona wenzangu wakipishana kulia na kushoto, midomo yao ikicheza kila walipopita nguzo. Twende naye taratibu.

Tulipokaribia Samuye, kundi la ng'ombe likapanda lami bila kuuliza mtu. Gari la maiti likafunga breki. Mimi nikafunga. Nikasikia tairi la mwenyekiti likilia nyuma yangu, breki zake hazikukamata, nikajua huyu ananiingia mgongoni. Hakuniingia. Alinipita ubavuni, kwenye ile nafasi ya kupoteza bure, akasimama sambamba nami, macho yamemtoka. Nyuma yetu kila mtu alikuwa amesimama kwenye kipande chake cha lami. Hakuna aliyemgusa mwenzake. Mwenyekiti aliwatazama ng'ombe mpaka wakaisha, ndipo akasema, "Shemeji, nimeielewa ile nafasi."

Tulizika. Tulifika kwa kishindo kama nilivyoahidi, tumesimama nje ya boma, na mama wa marehemu alitoka akazisikiliza zile injini mpaka zikanyamaza. Alikuwa mdogo wa umbo kuliko sauti yake ya kwenye simu. Wakati wa kuaga alinishika kiganja. "Bado nusu," akaniambia. Alikuwa ametoka kumzika mwanawe, na bado alikuwa na akili kuliko sisi sote.

Kurudi ndiko kugumu. Kwenda mtu ana huzuni ya kumshika. Kurudi ana njaa, ana hasara ya siku nzima bila abiria, na mawingu yanajikusanya. Niliwapanga upya, wakajipanga, lakini niliona shingo zao zimeshafika mjini. Tulikwenda vizuri muda mrefu. Tulipoingia mjini magari yakaongezeka, bajaji zikatuingilia, na tulipofika kijiweni nikashuka, nikageuka kuhesabu nyuso.

Mdogo wangu hakuwepo. Na yule mwenye mabega wa Kahama, aliyekuwa mbele yake, hakuwepo.

Nikamkamata aliyekuwa amewatangulia. "Wako wapi?"

"Nilidhani wako nyuma ya lori, shemeji. Lori liliingia katikati. Nilipoona mji nikajua tumefika."

Sikumtukana. Nikapiga simu ya mdogo wangu. Ikaita, ikaita, ikakatika. Nikapiga tena. Muuza soda akaja na kreti lake kama ilivyo kawaida yake tukirudi, na nilipoziona zile chupa, nikalisukuma kreti kando.

"Hakuna mtu kunywa kitu hapa!" Nilipiga kelele mpaka abiria wakageuka. "Hakuna kubeba abiria. Hakuna kwenda nyumbani."

Hakuna aliyefungua soda. Hakuna aliyeondoka. Mwenyekiti alisema tungoje kidogo, pengine tutapishana nao njiani. Nikamwambia kungoja nimeshangoja mara moja katika maisha yangu, sitangoja tena. Nikapanda, nikawasha, na nikasikia nyuma yangu injini nyingine zikiwaka, moja moja, bila kuambiwa.

Hatukufika mbali. Walikuwa wanakuja pembeni kabisa ya barabara, taa zimewashwa, mwendo wa baiskeli. Cheni ya yule wa Kahama ilikuwa imekatika. Alikuwa ameitundika shingoni kama mkufu. Mdogo wangu alikuwa nyuma yake, mguu mmoja umeegemea pikipiki ya mwenzake, anamsukuma.

"Mbona hupokei simu?" Nilimfokea kabla hajasimama.

"Si ulisema anayeendesha hapokei simu?"

Watu walicheka, mimi sikuweza. Nilimpiga kofi la bega, halafu nikamshika bega lile lile nisiliachie. Akavua helmeti. Hakuwa na ule uso wake wa kunitania.

"Dada, huyu aliniambia niende, yeye atamtafuta fundi. Nikawasha kabisa niondoke. Halafu nikatazama kwenye kioo. Nyuma yangu barabara tupu, hakuna hata mtu mmoja. Nikamkumbuka marehemu shemeji. Nikazima."

Simu ikalia mkononi mwangu, na sikuhitaji kutazama ni nani.

"Mmefika?"

Niliwatazama wote, wamesimama pembeni ya lami, kushoto na kulia, kila mmoja na nafasi yake, hata pale ambapo hapakuwa na haja tena.

"Tumefika wote, mayu."

Nikasikia akishusha pumzi ndefu.

"Haya," akasema. "Sasa acha nimlilie wangu."