Kufunga Kamera kwa Harusi ya Kilolo

Baba alinifundisha kupiga picha, lakini kufunga mizigo nilijifunza mwenyewe, kwa kuvunja vitu. Kamera yangu ilikuwa ile ya kizamani ya kushikwa tumboni na kutazamwa kwa juu, na ilikuwa na gubu kama mama mkwe. Ikitikiswa inanuna, ikipata unyevu inanuna. Kwa hiyo kila nilipoitwa harusi ya mbali nilikuwa na utaratibu wangu, na ole wake atakayeugusa. Kamera naivisha fulana kuukuu, naizungushia blanketi la mtoto, naiweka katikati ya sanduku la bati. Flashi inakaa upande mmoja na betri zake upande mwingine. Pembeni nachomeka kimfuko cha mchele uliokaangwa mkavu, maana mchele hunywa unyevu kabla kioo hakijaunywa. Filamu zinaingia mwisho, juu kabisa, ndani ya kopo la maziwa ya unga. Mume wangu alikuwa akisema nafunga kama mtu anayehama. Nilimjibu kwamba anayehama angalau anajua anakokwenda.

Harusi ya Kilolo niliifungia mizigo kwa moyo mzito. Ulikuwa mwaka wa vita na Uganda. Hapa Mbeya tulikuwa mbali na mizinga, lakini kila jioni watu walijikusanya kwenye redio, na kila wiki malori yalipita barabara kuu yakiwa yamejaa vijana. Wakati wa kwenda walikuwa wanaimba, ndiyo maana sikupenda kuwasikiliza.

Bwana harusi alikuwa mmoja wao. Kwao ni Kilolo, ila kambi yake ilikuwa huku Mbeya, na alikuja studio mwenyewe kuniita. Alikuwa amepewa ruhusa fupi ya kwenda kuoa, na akirudi tu kikosi chao kinaondoka. Harusi iliyokuwa isubiri mavuno ikavutwa mbele, mahindi yakiwa bado mabichi shambani. Nilimuuliza kwa nini asichukue mpiga picha wa Iringa mjini. Akasema wale ni wanaume, hawataruhusiwa kuingia chumba cha mwali.

"Dada, picha zote za harusi kwetu mwali anatazama chini," alisema. "Mimi nataka moja tu ananitazama. Hiyo ndiyo nitakwenda nayo."

Nilimwelewa. Siku zile mwali aliyeinua macho alihesabiwa kuwa anafurahia kuwaacha wazazi wake, na hakuna binti aliyetaka neno hilo limfuate. Ndiyo maana ukifungua albamu za miaka ile utadhani kila mtu alioa msibani. Na filamu zilikuwa zimeadimika kama sabuni na sukari. Mimi nilikuwa nimebakiwa na mbili, nimezificha kabatini chini ya nguo za mtoto. Nilimwahidi picha yake, kisha nikakasirika usiku kucha kwa kuahidi.

Basi letu lilisimamishwa Igawa. Mgambo wa pale alikuwa kijana mwenye bunduki kubwa na viatu vidogo, na alipoona kamera uso ulimbadilika. Wapelelezi walikuwa wakisemwa kila mahali, na kila daraja lilikuwa na mlinzi. Alinishusha, akanifungulisha sanduku kando ya barabara, upepo wa Usangu ukitupulizia vumbi machoni. Blanketi likatoka, fulana ikatoka, mchele ukamwagwa kutafutwa kitu ndani. Nilimweleza kila kimoja ni cha nini, kwa sauti ya upole ambayo si yangu. Alipofika kwenye kopo nikamwomba asifungue zile filamu, kwamba zikiona mwanga zimekufa. Nadhani ombi langu ndilo lililomtia shaka. Alichukua moja, akachana karatasi yake, akaivuta yote mpaka mwisho, akaiinua juani aone kilichoandikwa.

Hakukuwa na kitu. Alinirudishia kwa adabu, akaniambia niende salama. Abiria walicheka kidogo kisha wakanyamaza, kwa sababu nilikuwa nalia kwa hasira. Nilibaki na filamu moja, picha kumi na mbili kwa harusi nzima.

Ipogolo nilishuka, nikapata nafasi kwenye Landrova iliyokuwa ikipanda Kilolo. Huko juu ukungu ulikuwa umelala kwenye mashamba, na nyumbani kwa mwali walinipokea vizuri kwa salamu za Kihehe, kamwene huku, kamwene kule, uji wa moto, na kiti karibu na moto. Lakini kitu hakikuwa sawa. Vigelegele vilikuwa vinaanza, halafu vinakatika vyenyewe. Nikamuuliza mama mmoja aliyekuwa akimenya viazi kulikoni. Akaniambia bila kuinua kichwa kwamba nyumba ya chini wamepata habari ya mtoto wao juzi, kutoka huko mpakani, na watu wanaona aibu kushangilia wakati jirani amekaa msibani. Harusi ilishindikana kuahirishwa, kwa sababu ruhusa ya bwana harusi haikungoja mtu.

Kanisani nilipiga kwa ubahili. Viapo, pete, wazee wa pande zote mbili, mlangoni, basi. Mwali alitazama vidole vyake vya miguu tangu mwanzo mpaka mwisho, akafanya vizuri sana, watu wakamsifu. Bwana harusi alinitupia jicho mara moja. Nilimwonyesha kidole kimoja, kwamba nimemwekea ya mwisho.

Mchana ule tuliporudi nyumbani kwao nikaingia chumba cha mwali. Shangazi yake alikuwa amekaa mkekani mlangoni, mwanamke mkavu, mpole, ambaye huwezi kumpita. Nilimweleza nilichotumwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akakataa. Nikamwambia ni mume wake halali sasa, amebarikiwa na mchungaji mbele ya macho yetu. Akakataa tena. Nikapandisha sauti, jambo la aibu kwa mgeni, nikasema kijana anakwenda vitani na hana kitu kingine alichoomba.

"Mwanangu, hilo nalijua," alisema. "Lakini sura ya mwali ni ya nyumba hii. Ikishatoka kwenye karatasi, hujui nani ataishika."

Nilikuwa nimeinamia kamera ili nianze kuifunga, na kwa hiyo nilimwona mwali kwenye kioo chake kabla sijamwona kwa macho. Alikuwa ameisogeza shela kwa mkono wake mwenyewe. Hakuna aliyemwambia. Aliinua uso akatazama moja kwa moja ndani ya lenzi, bila tabasamu, bila haya, kama mtu anayemwita mwenzake aliye ng'ambo ya mto. Niliogopa, nasema kweli, na nikiwa nimeogopa hivyohivyo nikabonyeza.

Nilitegemea shangazi agombe. Hakugomba. Alijifunika khanga mpaka mdomoni, akatoka nje akasimama kwenye ukungu.

Jumapili tulidamka kuondoka, kwa sababu siku hiyo baada ya saa nane mchana magari yalikuwa marufuku barabarani, kubana mafuta. Bwana harusi alikaa karibu nami njia nzima. Tulipofika Ifunda ndipo akapata ujasiri wa kuniuliza kama mkewe alitazama. Nikamwambia alitazama. Akageukia dirishani mpaka Makambako.

Jumatatu nilisafisha filamu asubuhi na mapema. Alipofika mchana picha ilikuwa na ubichi bado kwenye kingo. Aliishika kwa ncha za vidole, akaitazama muda mrefu, kisha akacheka kicheko cha mtoto. Akasema wenzake kikosini hawataamini kama huyu ni wake, itabidi awaonyeshe kila siku mpaka waamini. Zile nyingine akaniachia, akasema atazifuata akirudi. Niliipachika ile moja kati ya vipande viwili vya katoni, nikaifunga na plastiki isipate mvua, naye akaiweka mfuko wa shati na kufunga kifungo.

Vita vilipokwisha, malori yakaanza kurudi. Nilifunga tena sanduku langu nikaenda Ipogolo, kwani watu wengi walitaka picha ya mtoto wao anaposhuka. Barabara ilikuwa imepangwa majani pande zote mbili, na watu walikuwa wengi kama siku ya mnada. Nilimkuta pale yule mwali wa Kilolo, amesimama mbele na shangazi yake. Aliniamkia kwa furaha. Barua zilikuwa zimekatika tangu zamani kidogo, alisema, lakini zimekatika kwa kila mtu, huko posta ilikuwa wapi. Aliniomba nikae karibu yake, ili mume wake akitokea nimpige akiwa hajajua.

Lori la kwanza likapita, na la pili. Kila askari aliyeshuka aligeuka huku na huku akitafuta watu wake, mpaka mama mmoja amwite kwa jina. Kutoka lori lililofuata aliruka kijana mrefu mwenye bandeji shingoni. Huyu hakutafuta sana. Aliupitisha uso wake juu ya umati taratibu, ukafika kwetu, ukasimama. Akaanza kuja, moja kwa moja, akiwapita wasichana wengine wote, macho yake yakiwa kwa mwali, kama mtu anayemfahamu siku nyingi.

Niliinua kamera kwa mazoea. Nikamuuliza mwali kama ni shemeji yake, au mtu wa kwao.

"Hapana, dada," alisema. "Simjui."

Yule kijana alikuwa anakuja, na mkono wake ulikuwa unafungua kifungo cha mfuko wa shati.